Kocha Gamondi abaki au aondoke kabla ya mechi ya Al Hilal? Wananchi (wana Yanga) tukutane hapa

Kiungo_Mkabaji (mleta uzi), Ijumaa 8 Novemba 2024

Wakuu, salaam. Jana Chamazi tumekula tatu kwa moja mbele ya Tabora United, siku tano tu baada ya Azam kutuchapa moja bila uwanja uleule. Tangu usiku kila kona ni "Gamondi aondoke", na wengine wanatuita wasaliti tukisema avumiliwe. Kabla ya kurushiana maneno, hesabu hizi hapa.

Ligi tumecheza mechi 10. Nane za kwanza tumeshinda zote bila nyavu zetu kutikiswa, mbili za mwisho tumepoteza zote. Tumefunga 14, tumefungwa manne. Tuna pointi 24, Mnyama (Simba) ana 25. Klabu Bingwa Afrika, Vital'O tuliwapiga nne na sita, CBE ya Ethiopia moja na sita. Mabao 17, tumeruhusu sifuri. Tarehe 26 mwezi huu Al Hilal ya Sudan anashuka kwa Mkapa kwenye mechi ya kwanza ya makundi, na kundi hilo lina TP Mazembe na MC Alger.

Mimi nasema abaki. Huyu ndiye aliyetupa ubingwa msimu uliopita kwa pointi 80, tukapoteza mechi mbili tu kati ya 30, na akatufikisha robo fainali ya Afrika ambako Mamelodi alitutoa kwa penalti baada ya sare mbili za bila mabao. Anayesema aondoke, aseme pia anakuja nani, lini, na atarekebisha nini kwa muda uliobaki.

---

Jangwani Kwetu

Mleta uzi, umeweka hesabu nzuri ila umezisoma juujuu. Zifungue hizo mechi nane.

Kagera mbili, KenGold moja, KMC moja, Pamba nne, Simba moja, JKT mbili, Coastal moja, Singida Black Stars moja. Ondoa Pamba, unabaki na mabao tisa kwenye mechi saba. Mechi tano kati ya nane tumeshinda moja bila! Bao la KenGold kafunga Bacca, beki. La Simba alijifunga beki wao Kijili dakika za mwisho. Tukaita "ushindi ni ushindi" tukaenda kulala.

Msimu uliopita tulifunga 71 kwenye mechi 30, yaani zaidi ya mawili kila mechi. Sasa hivi ni 1.4. Timu inayoishi kwa moja bila ikiruhusu goli moja tu imekwisha, kwa sababu haina la pili mfukoni. Azam na Tabora wamekuja kuchukua kilichokuwa kinaning'inia tangu Septemba. Kocha aliiona hali hiyo mechi baada ya mechi na hakubadilisha kitu. Aondoke.

---

Mnyama_Mkali

Majirani, tunawaomba sana msimfukuze. Mpeni mkataba hadi 2030.

---

Dada Kijani

@Mnyama_Mkali rudi kwenye uzi wenu. Mwaka jana 5 Novemba mlikula tano, tarehe 7 mkamtimua kocha Robertinho, akaja Benchikha, Aprili naye akaondoka, mkamaliza wa tatu. Halafu unakuja hapa kutoa ushauri.

---

BekiWaPembeni

Naona watu wanataja mabao ya kufunga, sawa, lakini tumefungwa manne kwenye dakika 180 na hapo ndipo pa kuangalia. Nieleze tatizo lilivyo, kisha kila mtu aamue kama ni la kocha au la miguu.

Gamondi anapanga 4-2-3-1 kwenye karatasi. Tukiwa na mpira haibaki hivyo. Mabeki wa pembeni wote wawili wanapanda hadi usawa wa mawinga, mawinga (Maxi, Pacome, Aziz Ki akisogea pembeni) wanaingia ndani, kiungo Mudathir anapanda kujaza boksi. Nyuma wanabaki mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji Aucho mbele yao. Watu watatu kulinda upana wa mita 68. Mstari wenyewe unakaa karibu na duara la kati.

Mpango huu unafanya kazi kwa sharti moja. Mpira ukipotea, watu watano sita walio karibu wanaurudia papo hapo, ndani ya sekunde tano au sita, kabla adui hajanyanyua kichwa. Hilo likifanikiwa humuoni beki wa kati akihangaika, ndiyo maana mechi nane kipa Diarra alikuwa kama mtazamaji. Likishindikana, pasi moja tu inakwenda nyuma ya beki wa pembeni aliyepanda. Beki wa kati wa upande huo analazimika kutoka kwenda kuchota kule pembeni, boksi linabaki na beki mmoja, na Aucho, ambaye hajawahi kuwa mtu wa mbio, anatakiwa kurudi mita 40 akimkimbiza kijana wa miaka 21.

Sasa nani alikuwa anaziba hilo shimo msimu mzima? Bacca. Ana kasi ya kurudi na ana mwili wa kugombania mpira. Kwa Azam katolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, tukacheza pungufu zaidi ya saa nzima na bado tukapoteza kwa moja tu. Kwa Tabora alikuwa anatumikia adhabu. Ukimtoa Bacca unatakiwa kufanya moja kati ya haya: ushushe mstari mita 10, au umfunge beki mmoja wa pembeni asipande, wabaki watatu nyuma na Aucho wa nne. Hakuna kati ya hayo lililofanyika kwa uwazi. Hapo namlaumu kocha. Kwa kadi nyekundu simlaumu.

---

Jangwani Kwetu

@BekiWaPembeni umemalizia kesi yangu. Kama dawa ni kumzuia beki mmoja asipande, na mtu wa mtaani anaiona, kocha mwenye uzoefu wa nchi nyingi amekosaje kuiona?

---

BekiWaPembeni

Kuiona ni jambo moja, kuifundisha ni jingine. Ukimzuia beki wa kulia asipande, upana wa kulia utatoka wapi? Inabidi winga abaki kwenye chaki, asiingie ndani. Basi Maxi hayupo tena katikati kupokea mpira kati ya mistari, na aliyekuwa akimpa Mudathir nafasi ya kupanda ametoweka. Ukivuta uzi mmoja shati zima linakunjamana. Hayo yanahitaji mazoezi manne matano kamili ya timu nzima, na wiki hizi tatu mazoezi hayo hayakuwepo. Mwalimu atueleze upande huo.

---

Mwalimu_UMISSETA

Asante kwa kunitaja. Angalia ratiba: 19 Oktoba Simba, 22 JKT, 26 Coastal, 30 Singida kule Amaan Zanzibar, 2 Novemba Azam, 7 Novemba Tabora. Mechi sita ndani ya siku 20, na moja ni ya kuvuka bahari.

Kati ya Singida na Azam kuna siku mbili tu za katikati. Siku ya kwanza waliocheza dakika zaidi ya 60 hawagusi kazi nzito: baiskeli au mbio nyepesi dakika 20 hadi 25, kunyoosha misuli, maji baridi, basi. Waliokaa benchi ndio wanafanya kazi. Na siku hiyo mlikuwa mnarudi kutoka Unguja. Siku ya pili ni ya kuamkia mechi, dakika 45 hadi 60, mipira ya kutenga na kupanga umbo kwa kutembea. Umemaliza. Huna siku ya kufundisha kukabia juu (kumbana adui kwenye eneo lake), maana kukabia juu hufundishwa kwa kasi ya mechi, na ukimkimbiza mtu kwa kasi hiyo saa 24 kabla ya mechi unamuua.

Misuli ya paja inahitaji saa 48 hadi 72 kurudi katika hali yake. Ikichoka kinachopungua kwanza ni zile hatua tatu za mwanzo, ambazo ndizo BekiWaPembeni anaziita sekunde tano. Mchezaji anaonekana anakimbia, anafika, ila anafika nusu sekunde baada ya pasi kutoka. Mtu wa jukwaani anasema "hawajitumi".

---

Dada Kijani

Mwalimu nakuheshimu, shikamoo, lakini uchovu hauanguki kutoka mbinguni. Dawa ya ratiba ni kuzungusha kikosi na hiyo ni kazi ya kocha, wala haihitaji siku ya mazoezi. Pale benchi kuna Sure Boy, Mkude, Abuya, Andambwile, Farid, Musonda, Chama, Baleke. Timu gani nyingine Tanzania ina benchi hilo? Chama amekuja kwa kelele zote zile, dakika anahesabu kwa vidole. Baleke sijui kama anakumbuka jezi yetu ina rangi gani.

Kwenye mechi na JKT na Coastal ndiko watu watano wapya walitakiwa kuanza, ili kina Aucho na Aziz Ki wafike kwa Azam wakiwa na miguu. Ukiogopa kupoteza pointi mbili kwa Coastal, unapoteza sita kwa wiki moja. Ndicho kilichotokea.

Na mbele tuseme ukweli: mshambuliaji wetu Dube anatengenezewa nafasi. Addis Ababa kwa CBE tulipata moja mechi ambayo ingeisha nne. Hilo kocha hafungi yeye, ila yeye ndiye anayempanga.

---

Kiungo_Mkabaji

Dada hoja ya kuzungusha kikosi naikubali. Ila ukifukuza kocha kwa kosa hilo la wiki tatu, huyo mpya atawajua lini wachezaji? Bado hakuna aliyejibu swali langu la muda.

---

Gazeti la Jana

Muda huu hapa. Taifa Stars wanacheza na Ethiopia tarehe 16 na Guinea tarehe 19 kufuzu AFCON. Ligi inasimama, wazawa wetu wanakwenda kambini, wageni nao wanaitwa kwao. Wanarudi tarehe 20 na 21, wengine wana safari ya ndege mbili. Mechi ni tarehe 26. Toa siku ya kupumzisha aliyetoka safari, toa siku ya kuamkia mechi. Kocha, awe Gamondi au mwingine, ana mazoezi matatu, akibahatika manne, na kikosi kizima.

Kwa hiyo anayesema "tubadilishe ili tuwahi Al Hilal" anajidanganya. Ukibadilisha sasa, badilisha kwa ajili ya Januari. Mechi ya Al Hilal itachezwa na mazoea ya Gamondi, akiwepo au asiwepo.

Jingine, kule Al Hilal kocha ni Ibenge. Oktoba 2022 alitutoa Klabu Bingwa na timu hiihii, sare ya moja moja hapa, moja bila kwao Omdurman. Anatujua, na timu yake sasa inacheza mechi za nyumbani Nouakchott kwa sababu ya vita Sudan, wamezoea shida. Atakaa nyuma, asubiri mabeki wa pembeni wapande, kisha apige huko. Tabora amemuonyesha njia bure.

---

WakiliWaMpira

Wote mnaongea kana kwamba kumfukuza kocha ni kumwambia asante mlangoni. Twende kwenye karatasi, bila kutaja klabu yoyote.

Kocha wa kigeni analindwa na kanuni za FIFA za ajira ya makocha, zilizoanza kutumika 1 Januari 2021. Klabu ikivunja mkataba bila sababu ya haki, inalipa thamani yote ya mkataba iliyobaki hadi siku ya mwisho, isipokuwa kama mkataba wenyewe umeweka kiasi maalumu cha fidia. Akipata timu nyingine ndani ya kipindi hicho, mshahara wake mpya unapunguzwa kwenye deni. Matokeo mabaya peke yake, kwa mwelekeo wa maamuzi ya FIFA na CAS (mahakama ya usuluhishi wa michezo), hayahesabiwi kuwa sababu ya haki. Kufungwa mechi mbili? Hata usipeleke.

Kesi ikiisha na klabu ikaamriwa kulipa, ina siku 45. Zikipita, inafungiwa kusajili wachezaji, na adhabu inaweza kufika madirisha matatu mfululizo. Ndiyo maana mwenye akili hafukuzi, anakaa mezani. Hatua ni hizi: unamwita na wakala wake, mnakubaliana mishahara ya miezi kadhaa (kila mtu anavuta kwake), mnaandika makubaliano ya kuachana kwa ridhaa yenye kipengele kwamba hakuna atakayemdai mwenzake baadaye, mnasaini, ndipo unatoa taarifa kwa umma. Ukitanguliza taarifa Instagram kabla ya saini, umempa ushahidi wa bure.

Wanakosahau wengi ni msaidizi, kocha wa viungo na kocha wa makipa. Kila mmoja ana mkataba wake na kila mmoja anaweza kudai kivyake.

---

Jangwani Kwetu

Wakili, kwani mkataba ukiwa na malengo? Mfano umeandikwa "afike nusu fainali Afrika", hajafika.

---

WakiliWaMpira

Inategemea ulivyoandika. Kifungu kinachosema "asipofika hatua fulani klabu ina haki ya kusitisha kwa kulipa miezi miwili" kina nguvu, kwa sababu kinataja tukio na malipo. Kinachosema "kocha atahakikisha matokeo mazuri" ni maneno ya harusi. Halafu angalia tarehe, lengo la msimu huwezi kulidai Novemba wakati makundi hayajaanza.

Na kwa anayekuja: cheti chake kiwe CAF A au kinacholingana nacho ndipo CAF wamkubali kama kocha mkuu, apate kibali cha kazi, apate kibali cha kuishi. Kibali kikichelewa anakaa jukwaani akipiga simu benchi. Tumeshaona makocha wa timu mbalimbali hapa nchini wakifanya hivyo.

---

Mwalimu_UMISSETA

Naongeza la kiufundi kwa wanaotaka abaki, maana kusema "avumiliwe" bila masharti ni uvivu. Ningekuwa mkurugenzi wa ufundi ningemuita nimpe mambo matatu ya kufanya mapumziko haya, kwa waliobaki kambini.

Beki mmoja wa pembeni asipande hadi Bacca awe sawa kimechi. Boka wa kushoto anapenda kupanda, basi upande wa kulia ubaki. Mazoezi ya kurudia mpira, sita kwa sita kwenye eneo la mita 25 kwa 20, vipindi vya dakika tatu na mapumziko dakika mbili, si zaidi ya vipindi sita, na bao lihesabiwe tu kama mpira umerudishwa ndani ya sekunde sita. Na mshambuliaji wa pili apewe dakika 30 kwenye kila mechi ya ligi, jina halijalishi. Akikataa masharti hayo, mnajua kwamba tatizo ni yeye. Akiyakubali, mna kocha na hamjatumia senti.

---

Mnyama_Mkali

Mwalimu tafadhali usiwape hizo za bure, tutakutana nao tena mzunguko wa pili.

---

Dada Kijani

😂 Leo umechangia kitu cha maana kwa mara ya kwanza.

---

Gazeti la Jana, Ijumaa 15 Novemba

Uzi umepitwa. Klabu imetangaza leo: Gamondi na msaidizi wake Moussa Ndaw wameondoka. Anakuja Sead Ramovic, Mjerumani mwenye asili ya Bosnia, alikuwa TS Galaxy ya Afrika Kusini tangu 2021.

---

Jangwani Kwetu

Mungu mkubwa. Ramovic anakabia juu kuliko hata Gamondi, tena kwa nguvu. Tutaona moto.

---

BekiWaPembeni

Ndugu yangu, umesoma ulichoandika? Tatizo tulilolijadili wiki nzima ni nafasi nyuma ya mabeki wanaopanda pale ambapo ukabaji wa juu unavunjika. Sasa tumemleta anayekabia juu zaidi, kwa miguu ileile iliyocheza mechi sita ndani ya siku 20, akiwa na mazoezi matatu. Akiwa na mwezi mzima wa maandalizi ningekuwa wa kwanza kushangilia. Kwa tarehe 26 naomba tu aanze na mstari wa chini na Aucho asisogee.

---

Kiungo_Mkabaji

Msimamo wangu haujabadilika, ila aliyekuja ni kocha wetu, tunamuunga mkono. Wakili, ile ya Ndaw kuondoka pamoja ndiyo ulichosema?

---

WakiliWaMpira

Ndiyo. Ukimbakiza msaidizi wa kocha aliyeondoka, mpya anakuja na wa kwake, na wewe unalipa wasaidizi wawili, mmoja hana kazi. Bora wasaini siku moja. Kilichobaki sasa ni vibali vya huyo mpya na wenzake. Hilo ndilo nitakalolifuatilia hadi tarehe 25, kuliko mazoezi yenyewe.

---

Mwalimu_UMISSETA

Na orodha ya waliorudi kutoka timu za taifa wakiwa salama. Bacca akiumia kule, futeni kila kitu kilichoandikwa kwenye uzi huu.